Bado Umekaa Kizingitini

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Aly,

Leo nakuita jina lako. Miaka thelathini na minane sikuthubutu. Nilikuita bwana, nilikuita Baba Huzaifa, na ukiwa mbali nilipiga makofi mawili ukageuka. Jina nililiachia mama yako na dada yako. Sasa hakuna wa kunambia sina adabu. Aly. Aly. Tamu!

Daftari hili ni la Huzaifa alipokuwa shule, limebaki kurasa nyingi. Mbele kuna hesabu zake za darasa la sita, makosa matupu. Nimeanzia nyuma. Aliyenambia niandike ni Caroline, yule msichana wa afya ya jamii anayepita nyumba hadi nyumba na mashine ya presha. Wewe ulikuwa ukimwita Daktari wa Miguu. Aliniuliza nalala vipi. Nikasema vizuri. Akasema haya, basi andika hayo mazuri.

Siku ya arobaini na mbili ya eda leo. Nahesabu kwa ile kalenda ya duka la unga uliyoitundika jikoni, yenye picha ya chapati. Miezi minne na siku kumi: nitatoka Jumanne, tarehe 18 Novemba. Nimeizungushia duara.

Nyumba haina harufu, Aly. Hilo ndilo sijalizoea. Mfiwa hatii manukato, najua, na mimi kazi yangu ni udi! Vyombo vyangu nimevifungia kabatini: sandali, marashi, ile mizani ndogo. Miaka yote mikono yangu ilikuwa na kazi tangu alfajiri. Sasa imelala mapajani kama ya mtu mwingine.

Mikono ikilala, kichwa hakilali.


Jumatano, 20 Agosti

Ngoja niliandike mara moja. Labda likikaa hapa litanipumzisha.

Ilikuwa Jumanne, tarehe nane Julai. Nilikuwa na udi wa harusi, sukari kilo mbili motoni. Sukari ya udi unaijua. Ukiiepua mapema inakuwa chenga, ukiichelewesha inaungua, na udi wote unanuka moshi wa jikoni. Wewe ulitoka uani kumwagilia mchicha wako wa mikebeni. Ukaja ukakaa kwenye kizingiti cha jiko, mkono kifuani. Ukasema, “Mwana, hapa panabana.”

Nami nikasema, “Subiri kidogo, sukari inashika.”

Sikugeuka hata kugeuka.

Ukasema, “Haya. Haina haraka.”

Redio ilikuwa inaanza taarifa ya habari ya saa nne. Nilipoweka sufuria chini walikuwa wamefika kwenye michezo. Dakika kumi, Aly. Nilipogeuka shati lako lilikuwa limelowa na midomo imebadilika rangi. Hapo ndipo nikapiga kelele, jirani akaita tuktuk. Kabla ya adhuhuri hukuwa nasi.

Daktari alisema moyo, mshtuko mkubwa. Sikumuuliza kama dakika kumi zingefaa kitu. Niliogopa angejibu.

Halafu dada yako Raiya akaingia hospitalini mbio, buibui limemvuka kichwa. Akanishika mabega. Alianza saa ngapi? Nikamwambia: “Alipolalamika tu, tukatoka naye.”

Maneno hayo yalitoka yenyewe. Sasa kila ajapo hunishika mkono na kusema nakushukuru, wifi, hukumchelewesha ndugu yangu.

Nimeliandika. Halijanipumzisha.


Jumapili, 24 Agosti

Huzaifa amepiga simu kutoka Kilifi. Mtoto wake ana meno mawili. Kaniuliza nimekula nini. Nikasema wali. Kweli nilichagua mchele, nikauchagua tena, nikauchagua mara ya tatu, kisha nikakumbuka ni mchele wa pakiti! Hauna hata punje ya jiwe. Saa nzima mikono inapekua kitu kisichokuwamo.

Na kichwa ni vivyo hivyo. Lau ningezima jiko. Lau ningeanza kupika saa mbili, ingekuwa imeshashika. Lau yule mama aliyeagiza udi asingeleta harusi yake mwezi huo. Lau ungelalamika kwa sauti — wewe nawe, haina haraka, haina haraka, kila kitu haina haraka! Nafika mwisho, narudi mwanzo. Nikirudi mwanzo hakuna kilichobadilika. Bado umekaa kizingitini.


Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi. Nimeyasikia toka msikitini, dufu na sauti za watoto. Nikataka kukukumbuka ulivyokuwa ukiitikia, daima nyuma ya wenzako, kwa sauti ile iliyokuwa ikiwatia vijana kicheko. Ulisema wewe sauti yako imezoea kushindana na injini ya lori. Nilitaka kukuona pale, kanzu nyeupe, kofia imekaa upande.

Nikakuona. Kidogo tu. Kisha kanzu ikawa lile shati, na msikiti ukawa mlango wa jiko.

Sijui nieleze vipi. Kama mtu kachukua picha zako zote za miaka thelathini na minane akaniachia moja.


Jumanne, 16 Septemba

Caroline kaja. Kanipima, presha imepanda. Kanipa maswali kutoka kwenye simu yake ya kazi, moja baada ya jingine, kama mtihani. Wiki mbili hizi, umekosa hamu ya mambo? Umechoka bila kazi? Umejiona huna maana? Nilikuwa najibu “kidogo, kidogo,” mpaka kaniuliza, “Mama Huzaifa, kila kitu kidogo? Hata presha hii ni kidogo?”

Nikacheka, nikashindwa kukataa. Nikamwambia kuna jambo moja linazunguka kichwani. Sikumwambia lipi. Hakuuliza. Kakaa kwenye jamvi, kavua viatu, kanieleza mambo ya kwao Magarini. Baba yake ana mbuzi. Jioni wakirudi zizini hulala chini na kuanza kucheua. Wanarudisha mdomoni kile walichokula asubuhi, wanatafuna upya.

“Sasa mbuzi akicheua anapata nguvu,” kasema. “Weye mama unacheua na unakonda. Ujue hapo pana kitu hakiko sawa.”

Nikamuuliza, kwani kumkumbuka mume ni ugonjwa? Kasema hapana, hata kidogo, Mulungu apishe mbali. Kumkumbuka ni pale anapokuja leo hivi, kesho vile, mara anacheka, mara anakasirika. Kucheua ni pale anapokuja kwa sura moja, mahali pamoja, na maneno yaleyale. Na mtu akicheua muda mrefu, kasema, moyo unaingia giza. Si kwa sababu hana imani, ila amechoka.

Nani kamwambia kuhusu kizingiti?

Nimempa maandazi, kala mawili. Wewe ungempa la tatu la kubeba.


Alhamisi, 18 Septemba

Sikuoga. Niliswali nikarudi kulala. Basi.


Ijumaa, 19 Septemba

Vilevile.


Alhamisi, 2 Oktoba

Dawa ya Caroline ya kwanza: niyapangie mawazo saa yake. Kila siku baada ya alasiri, nusu saa. Yakija asubuhi niyaambie ngojeni alasiri. Nusu saa ikiisha, nainuka.

Basi nimekaa leo kwenye kiti chako, saa mbele yangu, tayari kuwaza. Aly, hayakuja! Dakika tano, kumi, naangalia ukuta. Nimewaza kitunguu. Nimewaza yule paka wa jirani na mkia wake uliovunjika. Nimeinuka, nimeanza kuosha sufuria — yote hayo yamekuja, kama wageni waliokuwa wamejificha nyuma ya mlango!

Nilimpigia Caroline nikamshtakia. Alicheka sana. Kasema basi yakija, yaulize swali moja tu: mna jipya? Yakiwa na jipya yasikilize. Yakiwa hayana, yaache yapite, usiyafukuze, endelea na sufuria.

Nimeyauliza. Hayakuwa na jipya. Yakabaki vilevile, lakini yameona haya kidogo.


Jumamosi, 18 Oktoba

Leo umekuja kwa sura nyingine!

Niliandike kabla halijapotea. Nilikuwa nakunja nguo zangu nyeupe za eda, dirisha limefunguliwa, mtu nje akapita na maziwa anauza. Ghafla nikakuona unashuka kwenye lori. Enzi zile ulipokuwa ukileta maziwa toka Mariakani. Huzaifa alikuwa tayari ana ndevu, lakini wewe bado ulikuwa unaficha pakiti moja ndani ya gazeti, unaingia unanyata, unaniwekea dirishani. “Ya mtoto,” unasema. Mtoto gani! Tukainywa sote wawili, uani, kwa kikombe kimoja, kwa sababu wewe ulisema vikombe viwili ni kazi ya kuosha.

Na masharubu yako meupe ya maziwa. Na sikukwambia, nikakuacha ukaenda nayo msikitini!

Nimecheka peke yangu na nguo mkononi. Ilidumu kama kukunja shuka mbili. Kisha ukarudi kizingitini, najua. Lakini ulikuja, Aly. Kumbe hizo picha nyingine hazijachomwa. Zimefungiwa tu mahali.


Jumatatu, 27 Oktoba

Caroline kaja na dawa ya pili. Pale hospitalini, kasema, pana chumba cha ushauri, muuguzi mama mtu mzima, anasikiliza watu. Twende.

Nimekasirika. Nikamwambia mimi si mwendawazimu. Naye kaja juu! Katika kumjua kwangu sijapata kumsikia akipandisha sauti.

“Nani kataja wazimu? Presha yako nikikwambia twende ipimwe, huwa nimekuita mwendawazimu?”

Nikamwambia niko eda, mfiwa hatoki. Kasema yeye ni Mkristo, hajui sheria zetu, ila ameuliza, na ameambiwa kwa matibabu mtu anatoka. Sasa yeye na Uislamu wangu wamekutana wapi! Nikasema, nikitoka eda. Jumatano, tarehe 19 Novemba, siku moja baada ya duara. Kaandika kwenye simu yake mbele ya macho yangu.

Akiwa mlangoni kageuka. “Kuna jambo hujamwambia mtu, mama. Sikulazimishi. Lakini naliona, linakula chakula chako.”

Nimekaa nikafikiri. Kweli eda ndiyo iliyoniweka ndani? Nilipokuwa mgonjwa wa jino Septemba nilitoka, Raiya mwenyewe alinipeleka. Nilikwenda na kurudi na wala sikuona ni kosa.


Jumapili, 9 Novemba

Siku tisa zimebaki.

Watu wananipongeza kwa simu, wanasema karibu utatoka. Wanadhani nangoja kwa hamu. Mimi naogopa, Aly. Ndani ya eda kila mtu anajua nafanya nini: namkalia mume wangu. Nikitoka nitakuwa nafanya nini? Nitafungua lile kabati. Watu wataniuliza, Bi Mwanatumu, udi upo? Nitasimama palepale mbele ya jiko lilelile, na mgongo wangu utakuwa umeelekea palepale.

Na Raiya. Raiya ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayekuita Aly kwa mdomo. Ana kidevu chako. Akicheka huanza kwa kupumua puani kama wewe. Nikimwambia ukweli, nimempoteza yeye na kidevu chako pamoja. Nisipomwambia, kila akinishukuru mimi namwibia.

Mna jipya? Nimeyauliza. Leo yamenijibu: ndiyo. Leo tuna jipya. Sio dakika kumi tena zinazokuchoma, ni yale maneno manne uliyomwambia Raiya hospitalini.




Ijumaa, 14 Novemba

Mambo ya leo! Niyaandike yote.

Baada ya sala ya Ijumaa mlango umegongwa — umegongwa kwa teke, maana mikono ya mgongaji imejaa. Raiya. Kapu moja la mkeka, ndani leso mpya, sabuni ya maji, chupa ya mafuta, ubani, halua. Hata hajaketi. “Inuka ukaoge!”

Nikamwambia, “Shikamoo wifi. Kuna nini?”

“Marahaba. Kuna kwamba eda imekwisha. Inuka!”

Nikamwambia bado siku nne. Kasimama katikati ya ukumbi na kapu lake. “Nne za nini?” Nikampeleka jikoni nikamwonyesha duara, Jumanne ya tarehe kumi na nane. Nikamhesabia: Julai nane, Agosti nane, Septemba nane, Oktoba nane, Novemba nane, halafu kumi.

Aly, dada yako aliishika ile kalenda kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota mjusi.

“Mwanatumu! Weye umekaa eda kwa unga wa chapati?”

“Wifi—”

“Eda yahesabiwa kwa mwezi wa mbinguni! Ndugu yangu kafa lini? Mwezi kumi na mbili, Mfunguo Nne. Haya.” Kaanza kukunja vidole mbele ya pua yangu. “Mfunguo Tano, Sita, Saba, Nane. Minne. Twende mbele siku kumi. Leo mwezi ngapi? Ishirini na mbili! Mimi nimekuwa nikiutazama mwezi juani na mvuani kwa ajili yako, na weye wautazama unga!”

Nilitaka kupasuka. Maisha yangu yote nimefunga kwa mwezi, nimefungua kwa mwezi, nimewahesabia wanawake wa mtaa mzima siku zao kwa mwezi. Kwa eda yangu mwenyewe nikashika miezi ya Kizungu. Vipi? Sikuwahi hata kujiuliza. Niliona kalenda, umeitundika wewe, nikaanza kuhesabu.

Nikamwambia, “Basi niache nizimalize hizi nne. Zina ubaya gani?”

Hapo Raiya kaweka kapu chini, kashika kiuno. “Ramadhani ina sita zake za nyongeza. Ukitaka funga sita, utapata thawabu. Eda haina sita!”

Nilicheka, Aly. Nilicheka mpaka nikajishika ukutani. Naye akaanza, kwa kupumua puani kwanza, kisha yote. Wanawake wawili wazima jikoni. Na katikati ya kicheko nikawa nalia, na sikuweza kuacha. Raiya hakuniambia nyamaza. Kanikalisha, kanipangusa kwa ncha ya leso mpya, ikaharibika kabla haijavaliwa.

Kasema, kwa sauti ya chini, “Hizo nne ulikuwa wazitakia nini?”



Nimeoga. Kanimwagia maji mwenyewe, kaninuia nia, kanipaka mafuta mgongoni kama mwari. Nguo nyeupe kazikunja kazitia kapuni ili zitolewe sadaka. Nikavaa leso, nyekundu na njano, macho yangu yaliumia kwa rangi. Kisha katoa chetezo, na makaa yako tayari, na udi — udi wangu! Alikuwa amehifadhi wa mwaka jana.

Nikasema, “Huo la. Leo la.”

“Mpishi wa udi aukimbia moshi wake?”

“Leo la, wifi. Tafadhali.”

Kaniangalia. Kamwagia makaa maji. Hakuuliza, na Raiya ninavyomjua mimi, kutouliza kwake ni kazi nzito kuliko kubeba gunia.

Atalala hapa. Kasema hawezi kuniacha siku ya kwanza. Sasa hivi yuko uani anaikemea mikebe yako kwa nini mchicha umekauka.


Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi Raiya kaufungua mlango wa mbele wote, mabawa yote mawili, jua likaingia mpaka kwenye kiti chako. Watu wamepita wamesalimia. Nimewajibu nikiwa nimesimama mlangoni.

Caroline naye kapita, kaona leso yangu, kapiga kigelegele palepale barabarani! Akaambiwa habari ya kalenda. Amecheka hadi kashika magoti. Kisha kafuta machozi, kachukua simu yake. “Basi Jumatano imekuwa Jumatatu. Keshokutwa. Kisingizio kimekwisha mapema, mama.” Raiya kauliza Jumatatu kuna nini. Caroline kaniangalia mimi, kaniachia nijibu mwenyewe.

Nikasema, “Nakwenda hospitali. Kuna mtu wa kuzungumza na wafiwa. Kichwa changu hakijatulia, wifi.”

Nilidhani Raiya atashtuka. Kasema tu, “Tutakwenda sote. Mimi nitakaa nje.” Kisha kamuuliza Caroline kama huko nje kuna kivuli.

Caroline alipokwenda tukapika. Yeye wali, mimi mchuzi wa kamba. Niliikata migongo, naye akanisimulia ulivyokuwa mdogo. Mengine sijapata kuyasikia. Kumbe uliogopa kuku! Kumbe mlipokuwa watoto mama yenu alikutuma ukashike jogoo, ukarudi mikono mitupu ukasema jogoo amekataa. Aly! Miaka yote hii ukiniachia mimi kuchinjisha na kunyonyoa, ukisema kuku ni kazi ya mke mwenye mji!

Nilikuona, miaka saba, suruali fupi, unamweleza mama yako jogoo amekataa. Nilikuona vizuri kabisa. Sikuwahi kuwapo pale, na bado nilikuona.

Tukala. Alipomaliza kanawa mkono, kaushika wangu ukiwa bado na wali.

“Wifi,” kasema. “Mimi nililala hospitali ngapi kwa baba, ngapi kwa mama. Wote tulichelewa. Huyu peke yake ndiye hakucheleweshwa. Hilo ndilo lanipa usingizi. Nakushukuru.”

Nikauweka wali chini.

Nilifungua mdomo, Wallahi nilifungua. Muadhini akaadhini alasiri. Raiya kainuka, kasema tusiicheleweshe sala, tutazungumza. Kaona kitu usoni mwangu. Kasema tena, akiwa anatia udhu, bila kugeuka: “Tutazungumza.”

Nimeswali upesi. Yeye huswali taratibu, unamjua. Yuko chumba cha pili, pazia limefunguliwa, namwona mgongo. Nimechukua daftari kwa sababu mkono wangu ulitaka kushika kitu.

Nitamwambia. Nimeamua wakati wa sijda ya mwisho. Sijui nitaanza vipi. Labda: Raiya, kaa. Labda: Raiya, ule usingizi wako niliupika mimi. Hapana, hilo ni maneno mengi. Nitasema: alipolalamika hatukutoka. Nilimwambia asubiri. Alisubiri dakika kumi.

Naye atafanya nini? Sijui. Anaweza kuchukua kapu lake. Ana haki. Anaweza kuniuliza kwa nini, nami jibu langu ni sukari, na nani anayeweza kusikia jibu kama hilo? Usingizi wake nitauvunja. Na Jumatatu huenda nikakaa pale hospitalini peke yangu, na hapo nje kivulini pasiwe na mtu.

Lakini yale maneno manne siwezi kuyabeba tena, Aly. Ningeweza kuzibeba dakika kumi. Kumi zilikuwa zetu, mimi na wewe; ulisema haina haraka, na najua hukusema kwa hasira, sauti yako ya hasira naijua. Yale manne ni ya Raiya.

Ametoa salamu kulia. Kushoto. Anaomba dua, ndefu. Nasikia jina lako. Baba yenu, mama yenu. Sasa jina langu — kaliweka baada ya lako, bila kupumua katikati.

Anakunja msala.

Ananiita. “Mwana? Mbona kimya?” Hata hajui kwamba hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiniita wewe.

Naenda. Huko uliko, Aly, nikumbuke. Usinikumbuke kwa mgongo wangu tu. Nikumbuke pamoja na siku zote zile nyingine.